Bomba Chini ya Gari la Bwana Mito

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani, blanketi na hotuba. Saa nimeitundika, blanketi mke wangu ameshalichukua, lakini hotuba imekataa kunitoka kichwani. Aliyesimama kunisifu alisema kwamba mimi Jillo ndiye niliyebuni njia ya kumwaga oili bila kulala chini ya gari, tangu enzi za Wazungu, na kwamba vijana waige mfano huo. Mkapiga makofi. Nikainamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu hata kidogo. Zamani kazi ndiyo iliyokuwa ikinificha. Asubuhi ikifika kuna injini inanisubiri, nami nasahau. Sasa asubuhi inafika na hakuna kinachonisubiri ila jambo hili, basi naliandika ninyi mlisome. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni Mpokomo wa Ndera. Nilishuka Garsen miaka ya hamsini, kijana mwenye nguvu na ujuzi wa kupiga kasia tu, nikaandikwa kazi kwenye kambi iliyotunza barabara na kivuko. Kambi yenyewe ilikuwa banda la makuti, malori mawili, pampu ya maji iliyokohoa kuliko wazee wote wa Garsen, na Fundi Athumani. Huyu alikuwa mtu wa Kipini, mwembamba, mwenye kofia isiyopata doa la grisi hata siku moja. Mpaka leo sijui alifanyaje. Alisema kama watu wa kwao: maji kwake yalikuwa mai, chini ilikuwa tini, kila ilikuwa kula. Siku ya kwanza nilitamka salamu ndefu, ya heshima, kama nilivyofunzwa nyumbani. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Lori umeliangaliya?"

Nikasema sijaliangalia.

"Basi salamu yako ni ya bure. Kula asubuhi, kwanda uvute kijiti cha oili, kisa usalimu watu. Mtu akikosa salamu hafi. Injini ikikosa oili hufa."

Siku tatu nzima kazi yangu ilikuwa kufuta spana zake na kuzipanga juu ya kikoi cheusi, kubwa hadi ndogo. Nilipoiweka moja mahali si pake aliirudisha mwenyewe, akaniangalia kwa muda mrefu. Nilijifunza haraka. Afadhali angenitukana.

Bwana Mito alifika kiangazi cha mwaka wangu wa pili. Jina lake la kwao lilikuwa gumu, na kazi yake ilikuwa kupima mto, kina chake na kasi yake, akiandika kwenye daftari kila siku kana kwamba mto ungebadilika adabu kwa kuandikwa. Alikuwa kijana, mwekundu wa uso, mpole. Alikuja na gari ambalo Garsen ilikuwa haijaona: gari la mashindano, la kijani, viti viwili tu, halina paa ila turubai, tumbo lake karibu liguse ardhi. Watu wa kivukoni walilitazama likipita, wakaliita Kenge, na jina likashika. Mvua ikinyesha Kenge alilala bandani kama mgonjwa. Ardhi ikikauka, Bwana Mito alimtoa akaenda naye Malindi, akarudi amejaa vumbi na furaha. Kila mtu ana kichaa chake, na cha kwake hakikumdhuru mtu.

Sasa, huyu bwana alikuwa na jambo moja. Oili ya Kenge alitaka kuibadilisha mwenyewe, kwa mkono wake. Alisema kwa Kiswahili chake, "Mimi napenda kujua gari yangu. Wewe Jillo ngoja." Basi sisi tunangoja, yeye anatandika gunia, analala chali, anajisukuma chini ya gari. Haingii. Kenge alikuwa chini mno. Anaingiza mkono mmoja na nusu ya kichwa, anapapasa nati ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, anaifungua, na oili moto inamshukia kiwikoni na sikioni. Tulimsikia akisema maneno ya kwao. Fundi Athumani alikuwa akienda nyuma ya banda kucheka, kwa sababu ya heshima.

Tulijaribu kuchimba shimo la kuegeshea gari juu yake, kama karakana za mjini. Lakini mnaijua ardhi ya Garsen. Tulipofika kiunoni maji yakaanza kuingia, na siku ya tatu vyura walikuwa wameshahamia. Tukajaribu jeki, jeki ikazama kwenye udongo mweusi, gari likaanguka, likakosa mkono wa Bwana Mito kwa nafasi ya kidole. Hapo Fundi Athumani akasema basi, atatafuta njia nyingine kabla hatujaandikiana barua na serikali ya Uingereza.

Njia nyingine niliipata mimi. Mjomba wangu pale kivukoni alikuwa na mtumbwi mzee, wa gogo moja, uliopasuka ubavu. Mtumbwi wetu mnaujua: pande zote mbili ncha zake zinapanda kidogo kidogo. Ukiupindua kifudifudi, ncha hiyo inakuwa mteremko. Nikamwomba, akanipa kwa huzuni, maana mtumbwi ulimlisha miaka mingi. Tukaukata kiunoni kwa msumeno, tukapata vipande viwili vilivyo sawa, tukavipindua, tukavisawazisha kwa tezo mahali pa kupita gurudumu. Kenge akapanda na magurudumu ya mbele, kipande kimoja kila upande, mawe yakawekwa nyuma ya magurudumu ya nyuma. Pua ikawa juu. Nati ya sampu ilikuwa upande wa nyuma, kwa hiyo oili yote ikatiririka kuelekea huko. Tulizungusha injini kwanza mpaka ipate joto, ili uchafu utoke pamoja na oili. Bwana Mito aliingia chini akatoka na masikio safi, akatushika mkono sote wawili.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini kijana akisifiwa mara moja hutafuta ya pili. Nilimwambia Fundi Athumani kwamba tunaweza kuondoa hata kule kulala chini. Nilikuwa nimepata bomba dogo la shaba, lenye mkono wa kufungulia na kufungia, kwenye pipa kuukuu la maji. Fundi akaitoboa nati ya sampu kwa keekee, akalilehemu lile bomba humo, akalielekeza kando, nyuma ya gurudumu la mbele, mahali mawe hayafiki. Nikatia kipande cha mpira wa kupitisha oili mpaka kwenye debe. Ikawa mtu anachutama tu kando ya gari, ananyoosha mkono, anazungusha, oili inatoka kama chai kwenye birika. Bwana Mito alicheka kama mtoto. Alifungua na kufunga, akafungua tena, mpaka Fundi akamwambia taratibu kwamba oili ndiyo hiyo inakwisha.

Fundi Athumani hakulipenda bomba hilo hata baada ya kulilehemu kwa mkono wake. Alifunga mkono wa bomba kwa waya, mizunguko mitatu, akaukaza kwa koleo. "Kitu kikiwa chepesi kwako," alisema, "ni chepesi kwa kula mtu." Bwana Mito akachomwa kidole na ule waya mara mbili. Mara ya tatu niliukata mimi, sikuurudisha. Nilifikiri namsaidia.

Lazima niwaeleze habari ya oili chafu, maana siku hizi mnaimwaga tu nyuma ya ukuta. Wakati ule haikumwagwa hata tone. Siku ya kumwaga oili ilijulikana kivukoni kote. Wapokomo walikuja na makopo, wakapaka mitumbwi na nguzo za nyumba, mchwa wasile. Waorma walikuja na vibuyu, kwa sababu hakuna dawa ya upele wa ndama na mbuzi iliyoshinda oili ya gari. Fundi Athumani aligawa kwa kijiko cha supu, kwa haki, kama mtu anayegawa pilau ya harusi.

Katika Waorma waliokuja alikuwako Mama Dahabo. Alituletea maziwa kambini karibu kila asubuhi, mwanamke mrefu, mkimya, mjane, ambaye binti yake wa pekee aliitwa Dahabo na aliolewa karibu na hapo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini akisema neno limesimama. Asubuhi moja alikuja na kibuyu kitupu pamoja na kile cha maziwa.

"Jillo, ndama yangu iko na upele. Mimi nataka mafuta ya gari."

Nikamwambia siku ya oili bado, labda wiki mbili.

"Wiki mbili ndama nakufa."

Fundi hakuwapo. Nami nilikuwa nawashwa na fahari ya bomba langu. Nikamwita, nikamchutamisha kando ya Kenge, nikamwonyesha. Nikasema, "Tazama, mama, siku hizi gari letu lina chuchu." Nikafungua, nikamtilia nusu ya kibuyu. Alistaajabu. Akauliza, "Na yeye? Haibaki na njaa?" Nikacheka, nikamwambia hapana, oili ikipungua hurudi tu. Nilimaanisha kwamba huwa naongeza, na kweli siku ile niliongeza, nikavuta kijiti nikakiona kiko sawa. Lakini yeye aliona mkono wangu ukifungua na akasikia mdomo wangu ukisema hurudi. Hayo mawili ndiyo niliyomfundisha.

Haikupita muda tukamwaga oili ya Kenge, tukatia mpya kabisa, tukagawa ile ya zamani. Kesho yake pampu ya maji ya kijiji cha Chewele ikaharibika, mimi na Fundi tukaitwa huko juu kwa lori, tukakaa siku tano. Bwana Mito alikuwa mtoni na mashua yake. Kenge alibaki bandani na mlinzi mmoja mzee. Tuliporudi nilikuta vibuyu vitatu vya maziwa vimetundikwa kwenye nguzo kando ya gari, maziwa yameshaganda vizuri. Mlinzi akasema Mama Dahabo ndiye aliyeleta, kila alipokuja aliacha kimoja.

"Maziwa haya ni ya nini?" Fundi akaniuliza.

"Ya shukrani tu," nikasema. "Kwa sababu ya ile dawa ya ndama."

Nikanywa. Yalikuwa matamu. Sikuuliza neno zaidi, na katika maisha yangu yote ya kazi hilo ndilo swali ninalojilaumu kwa kutoliuliza.

Mvua za bara zikashusha maji, mto ukafura kwa siku mbili. Fundi Athumani alikuwa amevuka na malori yote mawili kwenda ng'ambo, kijiji cha Wema, kutengeneza tuta, na kivuko kikasimamishwa akiwa huko. Upande wetu hapakuwa na gari ila Kenge. Bwana Mito alirudi usiku wa kuamkia Ijumaa. Asubuhi, jua halijapanda, tukaona wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba, na Mama Dahabo mbele yao anatembea haraka. Kitandani alikuwa Dahabo. Alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili ile, na mtoto hatoki. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati ya Garsen, alikuwa ameshamwona. Alisema yeye hana cha kufanya tena, huyu ni wa kupasuliwa, apelekwe Malindi na apelekwe sasa hivi.

Bwana Mito hakuuliza swali. Alisema, "Weka ndani," akaingia nyuma ya usukani. Tukamketisha Dahabo kwenye kiti cha pili, tukamzungushia leso. Gari viti viwili. Nyuma ya viti palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kuketi juu ya kifuniko cha buti, miguu ndani, ameshika viti kwa mikono. Ili nafasi hiyo ipatikane tulitoa kila kitu, pamoja na debe la oili ya akiba. Mama Dahabo alikuwa ameshaweka mguu mmoja. Kisha akasimama, akanitazama.

"Panda wewe," akasema.

Nikamwambia, "Mama, huyu ni mtoto wako. Nenda wewe."

"Gari ikikufa njiani, mimi najua nini? Wewe najua. Panda."

Nikapanda. Kabla ya kupanda nilikuwa nimenyoosha mkono kuelekea kwenye boneti, nakumbuka, nivute kijiti. Bwana Mito alikuwa ameshawasha. Nikajiambia oili tumetia juzijuzi, gari halijasafiri, iko tele. Ndivyo nilivyojiambia, mimi niliyefunzwa nisimsalimu hata baba yangu kabla ya kuvuta kijiti.

Barabara ilikuwa mbaya, nusu tope. Kenge alikwenda kwa gia ndogo, injini inalia. Mshale wa geji ya oili ulikuwa ukianguka na kupanda. Kutoka nyuma niliuona, nikadhani ni matuta. Dahabo hakulia. Alishika mlango kwa mkono mmoja, na mara kwa mara aligeuza shingo akanitazama, akiuliza kwa macho kama bado ni mbali. Hatujafika hata nusu ya njia, nikasikia injini inagonga. Kila fundi anakujua kugonga huko. Nikapiga kelele, "Zima, Bwana, zima!" Hakuwahi kuzima. Injini ilikwama yenyewe, kwa mlio mmoja, gari likaburura magurudumu likasimama. Harufu yake hamtaki kuijua.

Nikafungua boneti, nikavuta kijiti. Kilikuwa kikavu. Nikalala tumbo topeni, nikaangalia chini nikitafuta mahali panapovuja. Hapakuwa na tone. Bomba lilikuwa limefungwa sawasawa, limekazwa vizuri kuliko nilivyolikaza mimi. Nikaligusa mdomoni. Vidole vyangu vikateleza, nikavinusa: samli.

Mnajua Waorma wanavyokama. Mwanamke hupaka samli vidoleni na kwenye chuchu kabla hajaanza, na hakami yote, humwachia ndama sehemu yake. Na ng'ombe wa mtu hakamwi bure, unaacha kitu. Alikuja mara tatu tulipokuwa Chewele. Kila mara alitwaa kidogo, kwa adabu, akamwachia Kenge sehemu yake akiamini itarudi, akafunga, akatundika maziwa. Hakuiba. Alifanya kwa gari jambo lile jema ambalo angemfanyia mnyama wa jirani. Ni mimi niliyemwambia hurudi.

Bwana Mito alivua viatu, akaanza kukimbia kuelekea mbele kutafuta lori lolote. Nilibaki na Dahabo. Kabla Bwana Mito hajaenda tulikuwa tumemshusha tukamlaza juu ya turubai, nami nikafunga leso kwenye mlango na kwenye kichaka ili apate kivuli. Mimi si mumewe wala ndugu yake, naye alikuwa na haya. Akaniomba nigeuze uso. Basi nikaketi nikimpa mgongo, karibu kiasi cha kusikia.

"Gari ina nini?" akauliza.

"Imechoka," nikasema. "Itapumzika kidogo."

"Mama alisema wewe utajua."

"Najua. Tulia."

Baadaye akauliza kama mama yake anakuja nyuma. Nikasema anakuja. Akaniomba niseme chochote, nisinyamaze, nami sikuwa na kingine cha kusema ila magari. Nikamweleza jinsi injini inavyovuta pumzi. Jua lilipopita utosi aliacha Kiswahili. Alisema kwa lugha yake, maneno machache, polepole, akayarudia mara ya pili kama mtu anayetaka yafike mahali. Kiorma changu wakati ule kilikuwa cha salamu na maziwa tu. Nikaitika "ndiyo" bila kujua naitikia nini. Nikamtamkia shahada bila kugeuka. Nilipogeuka alikuwa ameshakwenda, yeye na mtoto wake ndani yake. Nikamfunika kwa leso. Nililia pale, sioni aibu kusema. Bwana Mito alirudi alasiri na lori la wafanyabiashara, akaona leso imefunika uso, akaketi chini barabarani na soksi zake.

Tulimrudisha Garsen. Mama Dahabo alikuwa amekaa pale pale tulipomwacha. Hakuuliza. Wanawake walimzunguka, na maiti ikazikwa kabla ya jua kutua.

Mto ulipopungua Fundi Athumani akavuka. Nikamweleza yote, mpaka waya nilioukata. Alikwenda kwenye gari lililokuwa limevutwa bandani, akachutama, akagusa mdomo wa bomba, akanusa. Kisha akakaa chini, na kwa mara ya kwanza kofia yake ilipata grisi, akaiacha hivyo.

"Usimwambiye," akasema. "Mama aliyezika mwana hapewi na sababu aizike pia."

Akaling'oa bomba, akarudisha nati isiyo na tundu. Akaenda kwa Bwana Mito, akasema bomba lilikuwa kazi yake, hakulikaza, limevuja njiani, kosa ni lake. Bwana Mito alikuwa mtu aliyevunjika, hakuwa na nguvu ya kuchunguza. Wakubwa wake wakaandika barua, na Fundi Athumani akaachishwa. Mimi nilisimama kando nikifuta spana. Nilizipanga kubwa hadi ndogo. Sikusema neno. Alizifunga ndani ya kikoi, akanipa mkono, akaniambia, "Kazi ni yako sasa," bila ukali wowote, akapanda mashua kuelekea Kipini. Miaka michache baadaye nilisikia amefariki. Nilifika siku mbili baada ya maziko, nikawapa watoto wake mkono wa pole, na kwao pia sikusema.

Bwana Mito alihamishwa mwaka huohuo. Kenge aliachwa akaota majani. Mimi nikaendelea, Hola, Malindi, nikarudi Garsen, na yale mabomba ya kumwagia oili mnayoyasifu niliyatengeneza tena baadaye sana, wakuu waliposhikilia, kila moja na kufuli yake. Mlikuwa mkinicheka kwa sababu ya kufuli. Sasa mnajua.

Mama Dahabo aliendelea kuleta maziwa kambini, ila sikumwona tena akikaribia banda. Nikimwona njiani nilichepuka. Nilijiambia ni huruma; Fundi mwenyewe alisema asiambiwe. Mtu akitaka kunyamaza hakosi wa kumruhusu.

Wiki moja baada ya hotuba yenu nilikwenda kwake. Anakaa na watoto wa ndugu yake, nje ya Garsen, mzee sana sasa, macho yamefifia. Nilimwamkia, nikajitaja. Nikamweleza bomba, oili, vibuyu vitatu, samli. Alisikiliza huku anapapasa ukingo wa mkeka.

"Mimi najua," akasema.

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia.

"Hakuna mtu. Baada ya kuzika nilipita kwa banda, nikaona ile chuchu imeng'olewa. Chuchu ambayo haina makosa nani anang'oa?" Akaukunja ukingo wa mkeka. "Nikasema Jillo anajua, yeye alinionyesha. Atakuja, tutalia sisi wawili. Mvua ikapita, mvua ingine ikapita. Mimi naona wewe njiani, wewe napita upande ingine."

"Nilikuonea huruma, mama."

"Hapana. Ulijionea huruma wewe." Hakusema kwa hasira. "Hiyo ya mafuta nimelia peke yangu, imekwisha. Mimi nilingoja kitu ingine. Wewe tu ulikuwa na yeye. Dahabo alisema nini?"

Nikamwambia alivyoniuliza kama mama yake anakuja nyuma. Akaitika kwa kichwa. Nikamwambia kwamba mwishoni alisema kwa Kiorma, mara mbili. Mama Dahabo akainua uso, akanisogelea, akashika mkono wangu.

"Maneno gani?"

Siku ile nilikuwa nayo. Ningeshuka kwenye lori nikamtamkia vilevile yalivyo, bila kuelewa hata moja, naye angeyaelewa yote. Kesho yake pia nilikuwa nayo, na mwezi uliofuata. Nilitafuta kichwani. Nikatoa sauti moja, nikatoa nyingine. Alizisikiliza, akazijaribu kimya kwa midomo yake, akatikisa kichwa. Nikajaribu tena. Akasema hilo si neno. Tulikaa hivyo mpaka watoto waliporudi na mbuzi, yeye bado ameushika mkono wangu akingoja, na mimi sina.